Majarida Yaliyopita Getini

Jumanne nilienda maktaba ya chuo kimoja hapa Bungoma kutafuta makala kuhusu ugonjwa wa mahindi. Mama anayesimamia majarida akaniambia yote yako mtandaoni, lakini hayafunguliwi mpaka stoo ya chuo, inayopokea kila kinachonunuliwa, isaini kwamba yamefika. Tukaenda pamoja, laptopu mkononi mwake.

Mzee wa stoo aliinua laptopu, akachungulia chini yake. "Majarida arobaini, na hakuna hata katoni? Na askari wa geti hajaandika kitu. Mimi siwezi kusaini hewa, madam."

Madam hakubishana. Alichapisha orodha ya majina ya majarida, akaitia kwenye katoni tupu ya sabuni, akaibeba hadi nje ya geti, akageuka, akaingia nayo. Askari akaandika kwenye daftari: "Majarida, katoni moja." Mzee akapiga muhuri.

Nikapata makala yangu, nikaiweka kwenye simu. Nikitoka, kwa kiherehere changu, nikamwonyesha askari.

"Hiyo si ni ya ile katoni?" akauliza, akirudisha komeo. "Barua ya kuitoa iko wapi, bana?"

Nilicheka, yeye hakucheka. Nikarudi stoo kuomba barua, na mzee akanisifu ati watu waaminifu wamebaki wachache.