Blanketi la Mama wa Nyololo

Juzi hospitalini mama mmoja wa Nyololo, huku kwetu nyanda za juu zenye baridi, alisimama ghafla, blanketi zito kifuani. Daktari alikuwa amemwambia kwamba walipompasua mwanawe moyo, walimpoza mwili.

"Kwetu mtoto tunamkinga na baridi, ninyi mnamtia baridi makusudi?"

"Moyo tuliusimamisha, mama. Ubongo ukipoa unatumia damu kidogo, hauharibiki. Tumempasha joto polepole, ameamka. Nenda kamwone."

Alisita mlangoni. Ndani sauti dhaifu ikamsalimia kwa Kihehe: "Kamwene, mama. Ng'ombe wangu kakamuliwa na nani?"

Mama akarusha blanketi juu, akapiga vigelegele. "Akili yote ipo!"

Ndugu zetu wa pwani hutucheka kwa baridi yetu. Sasa wajue: sisi wenzao tunahifadhiwa akili na baridi hiyo bure, kila asubuhi.