Soksi Yangu Ndani ya Tangi la Samaki

Mjomba wangu aliua samaki wangu kumi kwa kutumia soksi yangu ya shule. Naandika hivyo mwanzoni kwa sababu hapa nyumbani kila mtu ana njia yake ya kulainisha hii habari. Mama husema samaki "walipata shida". Kaka yangu husema "waliitwa na Bwana". Mimi nasema waliuawa, na aliyewaua alichinjiwa kuku.

Tangi lenyewe nilitengenezewa na fundi wa vioo hapa Kitale, kutoka kwa kioo cha kabati la duka lililofungwa. Urefu wake ni kama mkono wangu kutoka begani mpaka ncha ya kidole. Mama alikubali niliweke sebuleni kwa sababu alikuwa amechoka kuulizwa na wageni kama mimi ni bubu. Mimi si bubu. Maneno yangu huja tu wakati watu wameshaondoka. Nilifikiri samaki ni watu wa aina yangu, hawatanidai salamu.

Mzee anayeuza samaki wa mapambo mjini, nyuma ya duka la vifuniko vya simu, alikataa kuniuzia siku ya kwanza. Nilikuwa nimeenda na ndoo kabisa.

"Tangi lina muda gani?" akauliza.

"Tangu jana."

"Basi leo hakuna samaki. Enda ufuge maji kwanza."

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Alinieleza kwamba samaki hunya na kukojoa ndani ya maji yale yale anayopumua, na ule uchafu hugeuka sumu. Kuna bakteria ambao huila hiyo sumu, lakini lazima wazaane kwanza, kwenye kokoto na kwenye sifongo ya filta, na hawana haraka ya mtu. Akanikatia kipande cha sifongo yake, cheusi kama masizi, akakitia kwenye kopo la siagi pamoja na maji yake. Nilikibeba mpaka nyumbani kama mtu amebeba sakramenti.

Kwa wiki sita nilifuga maji. Kila jioni baada ya shule nilitia chembe tatu za chakula ndani ya tangi ambalo halina mtu, zioze, bakteria wapate kazi. Hita iliwaka kwa sababu baridi ya Kitale si ya samaki wa nchi za joto. Kaka yangu alikuwa akipita anasema, "Niaje, mchungaji wa maji. Ng'ombe wako wameshiba?" Mama akaanza kuomba kwa sauti juu yangu.

Halafu samaki wakaja, polepole, vile mzee alisema. "Usiwaingize wote siku moja kama wageni wa harusi." Kwanza plati wanne, wekundu, wagumu kidogo. Baada ya wiki mbili gapi watano wenye mikia kama leso. Mwisho wale wadogo wa chini wenye masharubu, wanne, kwa sababu mzee alisema hao wakiwa wachache huona woga na kujificha tu. Niliwapenda hao kuliko wote. Huchimbachimba kokoto bila kusumbua mtu, halafu ghafla mmoja anapanda juu, anameza hewa na kurudi chini mbio, kama mtoto aliyetumwa dukani.

Miezi miwili hakufa hata mmoja. Kila Jumamosi nilitoa robo ya maji na kuweka mengine yaliyolala kwenye ndoo, ili ile dawa ya maji ya mfereji itoke. Sijawahi kufanya kitu kingine chochote vizuri hivyo. Hata hesabu.

Likizo ikafika, nikaenda kambi ya vijana wa kanisa huko Bungoma, siku nne. Kabla ya kuondoka nilibandika karatasi kwenye kioo: CHAKULA MARA MOJA KWA SIKU. KIDOGO. USITIE KITU KINGINE.

Siku hizo hizo mjomba alikuja Kitale kutengeneza pampu yake, akalala kwetu.

Lazima nieleze mjomba ni nani. Kwetu ndugu ya mama anaitwa khocha, na khocha habishiwi. Akikukasirikia, mambo yako hayaendi. Hata wale wanaosema wameokoka na hawaamini hayo, sijaona mmoja wao akijaribu. Tena mimi nina jina la mama yake, kwa hivyo yeye huniita mama. Na zaidi ya yote, mjomba anajua samaki. Alifunzwa ufugaji kwenye chuo cha kilimo huko Mabanga, ana vidimbwi viwili vya tilapia, na watu hutoka hadi Sirisia kumuuliza maswali.

Niliporudi Jumapili jioni, nilisikia harufu kabla sijavua viatu. Maji yalikuwa meupe kama maji yaliyooshewa mchele. Kwenye kona ilining'inia soksi yangu ya kijivu ya shule, imefungwa kwa kamba, imevimba. Samaki wote walikuwa juu, midomo imetoka nje ya maji, wanahema. Gapi wanne walikuwa tayari wanaelea kwa ubavu. Katikati yao walipita samaki wawili nisiowajua, wa kijivu, warefu kama kidole changu cha kati. Hao hawakuwa na shida yoyote.

"Hiyo ni nini?" niliuliza. Sauti yangu ilitoka ndogo.

"Mbolea ya kuku," kaka yangu akasema kutoka kwenye kiti. "Khocha alisimama hapo akatingisha kichwa. Akasema, ati hii maji ni safi kama ya kubatizia, sasa samaki itakula nini? Akaenda kwa banda ya kuku."

"Na karatasi?"

"Si alisoma. Lakini uliandika chakula mara moja. Yeye hakuweka chakula, aliweka mbolea."

Najua kidimbwi kinafanya kazi vipi. Nimekiona. Hutia samadi kwenye gunia, hufunga gunia kwenye mti pembeni ya maji, na baada ya siku kadhaa maji yanakuwa ya kijani, na ule ukijani ndio chakula cha tilapia. Kwenye kidimbwi, maji safi ni njaa. Sasa yeye akaona tangi langu ni kidimbwi kidogo, na gunia dogo ni soksi, na soksi iko pale kwenye kamba ya nguo. Mpaka leo hilo ndilo linanichoma zaidi, kwamba hakuwa mjinga. Alikuwa na hakika.

Nilitoa ile soksi kwa mkono. Nikakimbilia ndoo yangu ya maji yaliyolala, nikaikuta tupu. Mama alikuwa ameyatumia kupigia deki sakafu kwa ajili ya mgeni. Basi mimi, ambaye sijawahi kubisha kwa jirani hata kuomba chumvi, nilienda kubisha kwa jirani mwenye tangi la maji ya mvua, na nikasema sentensi nzima bila kuangalia chini. Nilibeba ndoo tano. Nilitoa maji mabaya na kutia ya mvua, kidogo kidogo, mpaka mikono ikaacha kunyooka.

Mama alisimama mlangoni. "Lakini alikuwa anataka kukusaidia."

Nilikuwa nahesabu waliobaki.

Simu ikalia wakati huo huo. Ilikuwa mjomba, ameshafika kwake. Mama akaweka sauti juu na kuniletea simu mdomoni, mikono yangu ikiwa bado inadondoka maji.

"Mama, umeona samaki wako? Nimekuongezea wawili wa ukweli, hao wa kwako ni kama dagaa tu."

Na mimi nikasema, "Asante, mjomba."

Nimeandika hayo maneno kwenye daftari langu na kuyakata, nikayaandika tena. Asante, mjomba. Gapi wa tano alikuwa anakufa mbele yangu na mimi nasema asante. Siku ile nilimkasirikia mjomba, lakini ulimi wangu niliukasirikia zaidi.

Kufikia Jumanne walikuwa wamebaki watatu: plati mmoja na masharubu wawili. Nadhani hao wawili waliokolewa na ile tabia yao ya kupanda kumeza hewa. Na wale tilapia wawili, bila shaka. Tilapia ni mtu wa kuishi popote.

Halafu wakaanza kukua. Wiki ya kwanza walinyang'anya chakula chote. Wiki ya pili walianza kumfukuza plati, na mkia wake ukawa unapungua kila nikirudi kutoka shuleni, kama chapati inayomegwa na mtoto. Alikaa nyuma ya bomba la filta hatoki. Masharubu walijibana chini ya jiwe. Nilimuuliza mzee wa samaki, akaniambia bila kuzunguka, "Hao wawili wakibaki, hao watatu wamekwisha. Chagua."

Nilimwambia mama nataka kuwarudisha tilapia.

"Kuwarudisha wapi?"

"Kwa mwenyewe."

Aliacha kukata mboga. "Zawadi ya khocha hairudishwi. Unataka siku ya harusi yako akae wapi, nje kwa jua, amekataa kukubariki?"

"Sina harusi, mama. Nina samaki watatu."

"Wape mtu mwingine, basi, akiuliza useme walikufa."

Kaka yangu akasema, "Ama wacha wakue tuwakaange. Vita iishe kwa amani." Akacheka peke yake.

Ningeweza kuwapa mtu, ni kweli. Lakini nikisema walikufa ningekuwa nimesema asante mara ya pili.

Jumamosi moja mama alinituma Bungoma nimpelekee mjomba mbegu za maharagwe. Nilitoka asubuhi na mbegu kwenye mfuko, na kwenye begi la shule kopo kubwa lenye maji ya tangi na tilapia wawili, kifuniko nimekitoboa kwa msumari. Mama hakuangalia ndani ya begi. Ama aliangalia.

Nilimkuta mjomba kwenye kidimbwi, karibu na Mabanga pale, na wanaume wawili kutoka Tongaren waliokuja kujifunza. Alifurahi kuniona. Akawaambia, "Huyu ndiye mama yangu. Naye pia ni mfugaji, kule Kitale, kwa nyumba. Nilikuta maji yake haina kitu, samaki zinakonda. Nikamwekea mbolea kwa soksi." Wale wanaume wakacheka vizuri, ile ya heshima. "Sasa zimekuwa aje, mama?"

Nilifungua begi na kutoa kopo.

"Walikufa kumi. Hawa ni wako, nimewarudisha."

Hakuna aliyecheka. Mmoja wa wale wageni akaangalia viatu vyake. Mjomba alichukua muda kuelewa mkono wangu unafanya nini pale mbele yake.

"Unanirudishia kitu yangu?"

"Wanakula waliobaki."

Halafu akauliza, kwa sauti nyingine, ile anayotumia akiongea habari ya kidimbwi, "Walikuwa wanahema juu ya maji?"

"Ndiyo."

"Asubuhi?"

"Asubuhi, jioni, wakati wote."

Aligeuka akaangalia maji yake ya kijani. Anajua maana ya samaki kuhema juu. Ndiye aliyenionyesha, nikiwa mdogo. "Kidimbwi iko na udongo," akasema. "Iko na jua, iko na upepo. Udongo inakula ile sumu kali." Akapima urefu wa tangi langu hewani kwa mikono miwili, akaona vile ni padogo. "Hiyo yako ni kama karai tu."

Nilingoja neno lingine. Lililokuja ni, "Si ungeniambia siku ile kwa simu. Ulisema asante."

Nilikasirika mpaka macho yakauma, kwa sababu ilikuwa kweli na bado hakuwa na haki ya kuisema. Nikamwambia, "Nilisema asante kwa sababu wewe ni khocha. Samaki hawajui khocha."

Mmoja wa wale wanaume akasema chini chini, "Huyu anakutosha, bana."

Mjomba alinyoosha mkono. "Leta basi niwamwage."

"Usiwamwage. Maji ya Kitale na ya hapa si joto moja. Weka kopo lielee kwanza, robo saa."

Anajua hilo pia. Huwafanyia hivyo vifaranga vyote vya samaki wake. Nilikuwa nimemwamuru mbele ya wanafunzi wake, na ilikuwa imeshatoka, siwezi kuirudisha. Alikunja suruali, akachuchumaa, akaliweka kopo juu ya maji na kulishika kwa kidole lisisafiri. Nilikaa kando yake. Robo saa ni ndefu sana ukiwa na hasira. Hakuomba msamaha. Mimi pia sikujifanya nimepoa. Mwisho aliinamisha kopo na wale wawili wakaingia kwenye ukijani, hawakuonekana tena.

"Umebaki na wangapi?" akauliza.

"Watatu."

"Nitakununulia soksi."

"Sitaki soksi."

Nilimpa mbegu za maharagwe, nikaondoka bila kungoja chai. Aliponiita hakuniita mama. Aliniita kwa jina langu, akaniambia nisisahau kopo. Sijui kama hiyo ndiyo laana ama ndiyo heshima.

Sasa ni wiki tatu. Plati ametoka nyuma ya bomba, mkia umeanza kuota, mweupe pembeni. Masharubu wanachimba kokoto. Sijaongeza samaki mwingine. Mzee amesema bakteria waanze upya, na mimi nimeanza upya, chembe tatu kila jioni, kwa hasira. Karatasi bado iko kwenye kioo. Chini ya USITIE KITU KINGINE nimeongeza maneno mawili kwa kalamu nyekundu: HATA MJOMBA. Mama aliyasoma akiwa ameshika ufagio. Halafu akafagia chini ya meza ya tangi na kwenda zake. Hiyo karatasi hajaibandua.