Kitambaa cha Mama Juu ya Inveta

Kwetu Kanja, kitu cha thamani hakikai uchi. Redio huvikwa kitambaa, viti huvikwa. Kwa hiyo kiwanda chetu cha kahawa kiliponunua inveta, kile kisanduku cha ukutani kinachoongoza mwendo wa mota, mchungaji alikiombea, na mama yangu akakifumia kitambaa cheupe cha kroshia, kifupi, cha kuning'inia juu tu.

Msimu ulipokolea niliitwa kutoka Majimbo, mjini Embu, nilikofanya kazi ya umeme. Mashine ya kumenya ilikuwa imegoma tangu asubuhi, na kahawa mbivu isipomenywa siku hiyo hiyo huharibika. Foleni ya magunia ilifika barabarani. Mama alikuwa huko nyuma na lake.

Mwenyekiti wa kiwanda nilimkuta akibonyeza kitufe cha riseti, cha kuiwasha inveta upya, bila kupumzika.

"Inashika kidogo halafu inazima," akasema. "Mota ndio mbaya."

Niliutoa mkanda unaounganisha mota na mashine, nikaiendesha mota bila mzigo. Ikazima vile vile. Nikapima nyaya, nzima. Nilipogusa kisanduku nusura niungue. Kitambaa kilikuwa kimevutwa kwa nguvu hadi chini na kufungwa kwa kamba ya katani, fundo juu ya fundo. Feni ya kupoza haikuwa na pa kutolea joto.

"Nani alifunga hii kamba?"

"Ni mimi," mwenyekiti akasema. "Hiyo feni ilikuwa inakiangusha kila saa."

Nilikata kamba, tukangoja kisanduku kipoe, nikabonyeza riseti mara moja. Mota ikanguruma, haikuzima tena. Mwenyekiti akatoka nje na kitambaa, akakiinua juu.

"Tumepata shida! Ni hii kitambaa ya huyu mama. Wamama, hiyo urembo yenu muwache kwa nyumba!"

Watu wakacheka, hata waliokuwa na njaa tangu alfajiri. Nilimwendea, kamba ingali mkononi, lakini mama akanishika. Aliniambia kwa Kiembu, taratibu, ninyamaze: kahawa yake ilikuwa haijapokelewa, na wa kuipokea au kuikataa alikuwa yule yule.

Nikanyamaza. Uchungu wa kunyamaza huko ninao hadi leo.

Kahawa ilipokelewa. Niliporudi nyumbani Krismasi, viti vilikuwa uchi, redio uchi. Sindano ya kroshia ya mama niliikuta kwenye mlango wa banda la kuku, imechomekwa badala ya komeo.