Siku Redio Aliponyamaza

Shemeji yangu, mjane wa marehemu mdogo wangu, alitandika vitanda katika nyumba ya wageni kwa miaka mingi, na huko walimwita Redio. Alizungumza na ndoo, akagombana na ufagio, akaimba huku akikunja shuka. Habari iliyomfikia ghorofa ya juu asubuhi, kabla ya chai ilikuwa imekwisha kufika jikoni. Hata hivyo moyo wake ulikuwa mweupe. Sikumbuki hata mara moja akimsema mtu kwa ubaya.

Mwaka mmoja meneja alimleta mwalimu awafunze watumishi wote, tangu mlinzi wa geti hadi mpishi, namna ya kumtambua mtu anayesafirishwa ili akauzwe utumwani. Mwalimu, mama mtulivu mwenye miwani, aliwaambia wamwangalie mgeni ambaye kila swali analoulizwa hujibiwa na mwenzake, asiyeshika mwenyewe pasi yake ya kusafiria, asiyejua hata mahali alipo.

"Ukiyaona hayo, usimkabili mtu wala usimwambie mwenzako," alisema. "Mwambie msimamizi peke yake. Neno likivuja, mwovu atamtorosha, nasi hatutamwona tena."

"Mwalimu," akadakia dobi, "basi huyu Redio tumbandike plasta mdomoni kabisa!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Redio naye alicheka, lakini aliponisimulia niliona kuwa neno lile lilimchoma.

Haikupita miezi mingi. Bwana mmoja alifikia vyumba viwili vya mwisho wa ujia pamoja na binti aliyemwita mpwa wake. Asubuhi, Redio alipokuwa akibadili foronya za binti, bwana alisimama mlangoni akizungumza na simu. Alipogeuza uso, binti akanong'ona:

"Mama, samahani. Hapa ni mji gani?"

"Anataka nini huyo?" bwana akauliza, simu ingali sikioni.

"Sabuni, baba. Ya jana imekwisha."

"Mletee upesi. Tukishakula mchana tunaondoka."

Redio alishuka ngazi mbilimbili. Kwenye chumba cha kufulia dobi akamzuia njia.

"Vipi, Redio, leo mbona hatupati matangazo?"

"Betri zimekwisha, mwanangu," akajibu, akapita.

Kwa msimamizi alifunga mlango kwanza, ndipo akaeleza. Msimamizi akapiga namba aliyoiacha mwalimu. Akaambiwa askari wanakuja bila sare, na kazi iendelee kama kawaida.

"Sasa nipe sabuni," Redio akasema.

"Sabuni ya nini tena?"

"Nimemwambia yule bwana naifuata. Nikirudi mikono mitupu atashtuka."

"Haya, shoga, nenda. Lakini mdomo!"

"Nimeufunga, na ufunguo nimeumeza."

Baadaye aliniambia kuwa hajapata kubeba godoro zito kama kipande kile cha sabuni. Binti alikipokea huku akimkazia macho, akingoja jibu. Jibu lilikuwa limemjaa Redio mdomoni, na bwana alikuwa palepale. Alimfinya vidole tu, akatoka.

Wakati wa chakula, wageni wawili waliovaa kama wafanyabiashara walisogea kwenye meza ya bwana na binti. Mmoja alimwita bwana pembeni. Mwenzake, mwanamke, akaketi na binti. Pasi ya binti ilikutwa mfukoni mwa bwana. Binti alieleza kwamba aliahidiwa kazi ya dukani, na tangu aondoke kwao hakuruhusiwa kumpigia hata mama yake. Bwana akachukuliwa. Binti akapewa simu, na kilio cha mama yake kilisikika hadi mapokezi.

Binti alipokuwa akingoja gari, Redio alikwenda kuketi naye.

"Mama," binti akasema, "mbona hukunijibu?"

"Sasa nakujibu, mwanangu."

Akamtajia mji, akamtajia mtaa, akamwelekeza soko lilipo na barabara iendayo kwao. Kisha akaendelea: nani kanuniana na nani jikoni, na kwa nini mpishi hataki kuonjewa mchuzi wake. Akasema mpaka binti akacheka.

Dobi akachungulia dirishani.

"Jamani," akapaza sauti, "matangazo yamerudi!"