Bukari Bwawani kwa Mama Simone

Nakumbuka Ijumaa moja ya mwisho wa Oktoba, mwanangu, nimesimama bwawani maji yakinifika magotini, nimevaa buti za mpira za marehemu ambaye sikuwahi kumwona. Buti zilikuwa kubwa, kila hatua mguu unatoka na buti inabaki kwenye tope. Mlangoni pa jikoni ameketi mjane wake, amejifunika blanketi, ananicheka.

Huyo ndiye Mama Simone. Miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi hapa Brussels, karibu thelathini tayari, bibi kizee wa darasa. Jumanne na Ijumaa nilimfanyia kazi za nyumbani kwake Schaerbeek, alikokaa peke yake. Mumewe alikuwa mhandisi wa migodi huko kwetu Katanga, na Kiswahili walichorudi nacho Ubelgiji kilikuwa kilekile cha mtaani kwetu Likasi. Siku niliyokwenda kuomba kazi nilimwamkia kwa Kifaransa nilichokipiga pasi njia nzima. Akanisikiliza, akatabasamu.

“Bon, weye ni wa Likasi,” akasema. “Ingia, mutoto, usisimame ku mulango.”

Nyuma ya nyumba palikuwa na bustani nyembamba kama ushoroba, na mwisho wake bwawa na maporomoko ya maji ambayo mumewe aliyajenga kwa mikono yake, jiwe juu ya jiwe, ili asikie tena maji ya Kiubo. Mimi nimeyaona maporomoko ya Kiubo, na haya ya Schaerbeek yalinifika kiunoni. Lakini ukifumba macho yalijitahidi. Bwawani mlikuwa na samaki saba wekundu, wakubwa kama mkono wangu, na yule bwana alikuwa amewapa majina ya stesheni za reli ya kwetu: Kambove, Tenke, Lubudi, hivyohivyo hadi Bukama, mzee wao, mwenye baka jeupe mgongoni. Mama Simone aliwaita mmoja mmoja kila asubuhi akiwa bado na nguo za kulalia.

Ijumaa ile tulikuwa tunaliandaa bwawa kwa ajili ya majira ya baridi. Yeye anaamuru, mimi nafanya. Nikate matete yaliyokufa. Nitandaze wavu juu, maana majani ya mti wa jirani yakizama huoza. Nizime maporomoko, niitoe pampu, niisugue tope, niiweke ndani ya ndoo ya maji kwenye chumba cha chini ya nyumba, kisha nimwage maji yaliyobaki kwenye bomba lisije likapasuliwa na barafu. Niweke mpira wa watoto uelee katikati ya bwawa, ili barafu ikifunga pabaki nafasi ya hewa kupita. Yalipozimwa maporomoko bustani ilikuwa kimya mno, na Mama Simone akajipangusa macho kwa ncha ya blanketi. Mimi nikajitia nafunga kamba ya wavu.

“Sasa sikiliza,” akaniambia. “Tangu leo, chakula hapana. Maji ikikuwa baridi, samaki banalala, na tumbo yabo inalala. Ukibapatia chakula, itaoza mu maji, itabaua. Hata bakikuja kukuomba. Unasikia?”

“Nasikia, mama.”

Nilisikia kwa masikio tu, mwanangu.

Mwezi wa Desemba likaja juma moja la jua. Nikatoka kuanika vitambaa, nikawaona wale saba wamepanda juu, midomo inafunguka na kufunga chini ya wavu. Roho ikaniuma. Uelewe nimetoka wapi. Miaka ya tisini, Likasi, mshahara wa baba ulikuwa jambo la kuhadithiwa tu, na mama yangu aligawa bukari, ugali wetu, akitazama sufuria badala ya kututazama usoni. Kwetu hata mbwa wa jirani akikukodolea macho unapokula, unamkatia tonge. Nikasema moyoni: hawa wazungu na uchoyo wao, sasa hata samaki wanafungishwa!

Basi Ijumaa iliyofuata nilikuja na bukari ya jana ndani ya kopo. Mama Simone alipolala kidogo baada ya chakula cha mchana, nikainua pembe ya wavu, nikafinyanga vitonge vidogo, nikawatupia. Walidonoa kimojamoja. Vingine vilizama, nikajiambia watavila baadaye. Nikafanya hivyo Jumanne, nikafanya Ijumaa, hadi barafu ilipofunga mwezi wa Januari na kuubana ule mpira kama msumari. Na mimi niliyekuwa nikifanya hayo, darasani nilikuwa nafundishwa kwamba yuko mgonjwa ambaye kumnyima chakula ndiko kumponya! Elimu nilikuwa nayo, ila niliiacha kwenye daftari.

Husemwa wema hauozi. Wangu ulioza, na niliunusa.

Barafu iliyeyuka mwishoni mwa Februari. Nilifika Ijumaa nikamkuta Mama Simone amesimama kando ya bwawa pamoja na Martine, binti yake wa pekee, ambaye alikuwa akifanya kazi ofisini na kwa kawaida alikuja Jumapili. Samaki wote saba walikuwa wameelea matumbo juu chini ya wavu. Baka la Bukama halikuonekana, kwa sababu mgongo ulikuwa chini. Martine akanipa wavu wa mkono niwatoe. Kila nilipoinua mmoja, chini yake niliona vipande vyeupe vimeota ukungu.

Martine naye aliviona. Akamgeukia mama yake, akamuuliza kwa Kifaransa, polepole, kama watu wanavyouliza wakiwa tayari wana jibu: Mama, uliwalisha?

Nikueleze kwa nini aliuliza vile. Novemba, Mama Simone alisahau sufuria motoni hadi ikaungua. Kabla ya Noeli alishuka tramu Porte de Namur akashindwa kukumbuka njia ya kurudi nyumbani, polisi wakamleta. Tangu hapo Martine alikuwa anatafuta makao ya wazee, na mama yake anakataa katakata. Nyumba hii ndiyo aliyoijua, na bwawa hili ndilo lililobaki la mumewe.

Mama Simone aliitazama mikono yake, juu na chini. Kisha akanigeukia mimi na kuniuliza kwa Kiswahili, lugha ambayo binti yake hakuielewa hata neno:

“Mutoto, weye ulionaka vile minabapatia chakula? Mi sikumbuke.”

Mwanangu, mlango ule ulifunguliwa wazi kabisa. Tulikuwa wawili tu ndani ya lugha ile. Ningesema, ni mimi, mama, na Martine asingejua hadi mama yake apende kumwambia. Lakini niliiogopa kazi, niliogopa kodi ya chumba, na zaidi ya yote niliogopa aibu ya kuonekana mjinga mbele ya mama aliyeniamini.

“Hapana, mama,” nikasema. “Sikuona.”

Na kweli sikumwona. Hakuna neno la uongo hata moja katika jibu lile, na ndiyo maana lilinitoka kirahisi. Jihadhari sana na ukweli wa namna hiyo.

Mama Simone hakubishana tena. Kufikia Pasaka alikubali mwenyewe kwenda kwenye makao ya wazee. Siku tuliyokuwa tukifunga vikombe kwenye magazeti aliniambia, “Kichwa yangu imeisha, mutoto. Nimeua samaki ya bwana yangu, na hata kukumbuka siwezi.” Nikaendelea kufunga vikombe. Nilifunga vyote bila kuvunja hata kimoja, na hadi leo sijui niliwezaje.

Nyumba iliuzwa kiangazi. Walioinunua walilijaza bwawa udongo, wakapanda nyasi.

Ndipo nilipomwambia mama yangu mdogo, Maman Béa, mwenye saluni kule Matonge, mtaa wetu Wakongo hapa Brussels. Alikuwa ananisuka. Alisikiliza yote, kisha akaziachia nywele zangu nusu zimesukwa, nusu zimesimama.

“Clarisse, muzee wa watu anabeba kosa yako ku kichwa yake,” akasema, “na weye unatembea mikono mitupu mu Matonge, unakuja kujipamba? Alors, unangoja nini? Akufe?”

“Nitaenda, maman. Jumapili.”

“Enda leo.”

Mzigo wa mwenzio, wanasema, ni kanda la usufi. Nami niliuona mwepesi kwa sababu haukuwa kichwani pangu. Jumapili ile kulikuwa na mtihani. Iliyofuata kulikuwa na ubatizo. Jumapili hazikosi udhuru, mwanangu, kila moja huja na wake. Nilikwenda baada ya miezi kadhaa, majani yakianguka tena, siku mbili kabla ya sikukuu ya Watakatifu Wote.

Nilimkuta dirishani, amechanwa nywele vizuri na mtu asiyejua alivyopenda kuzichana. Nikamwamkia kwa Kiswahili. Uso ukachangamka, lakini macho yalinipita. Hakunijua. Hata hivyo nilipiga magoti, nikamshika mikono, nikasema nililoenda kusema: kwamba samaki walilishwa bukari wakati wa baridi, na aliyewalisha si yeye, ni msichana wake wa kazi.

Akaitoa mikono yake mikononi mwangu. Ghafla akawa yule mama wa mlangoni pa jikoni.

“Mu baridi? Ah non! Mu baridi habakulake! Maji ikikuwa baridi, tumbo yabo inalala.” Akaninyoshea kidole. “Umwambie ile mutoto wa Likasi aache. Eko na roho muzuri, lakini hajue baridi ya huku. Utamwambia?”

“Nitamwambia, mama.”

“Usimugombeze. Umwambie tu.”

Nililia pale kama mtoto, na yeye akanipapasa kichwa bila kujua anampapasa nani. Hakusahau. Jina langu lilimtoka, njia ya nyumbani ilimtoka, lakini lile la samaki alikuwa nalo bado, neno kwa neno. Asingewalisha kamwe, na mtu pekee aliyelijua hilo siku ile bwawani ni mimi. Sidai kwamba bila mimi asingehama kabisa. Sufuria iliungua kweli, na tramu ilimpoteza kweli. Lakini labda angepata baridi mbili tatu zaidi nyumbani kwake, na angeondoka bila kujiona muuaji. Martine nilimwandikia barua nikamweleza yote. Hakunijibu, na simlaumu.

Sasa sikia ninachokuambia, wewe unayeanza kazi ya kuingia nyumba za watu na kushika vitu vyao. Ukielekezwa kazi na anayeijua, fuata, hata huruma yako ikikushauri vingine. Na kama hukuelewa, uliza, kuuliza si ujinga. Kukosea utakosea. Sikuombei usikosee, ningekuwa nakudanganya. Lakini siku utakapokosea, lichukue kosa lako mwenyewe kabla halijampata wa kulibeba, kwa kuwa litamwangukia aliye dhaifu kuliko wote waliopo, naye ataliamini kuwa ni lake. Usingoje Jumapili. Mimi nilisamehewa na mtu asiyejua kwamba ananisamehe, na msamaha wa hivyo haushibishi.

Enda basi, mwanangu. Mungu akupe mikono ya kusaidia na masikio ya kusikia kabla ya kusaidia. Akupe ulimi mwepesi siku ya kosa lako, na yule unayepaswa kumwambia, umkute angali analijua jina lako.