Nyekundu au Kijani?

Eloisa Trujillo wa Chimayó alikuwa na swali moja, na aliliuliza kila jioni tangu alipoolewa: "Nyekundu au kijani?" Huko New Mexico, Marekani, ambako chakula hakiliwi bila mchuzi wa pilipili, hilo si swali la mchezo. Bunge la jimbo lilikaa, watu wazima na tai zao, wakalipitisha kuwa swali rasmi, kama bendera ilivyo rasmi. Na kila jioni mumewe, Abenicio, alijibu, "Kijani." Basi Eloisa akawa bingwa wa mchuzi wa pilipili ya kijani, bonde zima likamjua. Zile zilizobaki shambani zikaiva nyekundu alizitunga mashada, akatundika mlangoni kama pambo tu.

Vuli hii Abenicio alianguka bafuni. Kiharusi kidogo, alisema daktari: mwili utarudi, ila mama aangalie akili, na mzee akibadilika ghafla amrudishe mbio. Siku ya kutoka hospitali, nesi, binti wa bondeni hukohuko, alimpima.

"Mji mkuu wa jimbo, mzee?"

"Santa Fe."

"Bendera yetu ina nini?"

"Jua jekundu kwenye kitambaa cha manjano. Niulize magumu basi."

"Ndege wa jimbo?"

"Yule mkimbia barabarani. Mbawa anazo, kuruka hataki. Kama shemeji yangu."

Nesi akacheka. Eloisa akashusha pumzi. Mume wake alikuwa mzima.

Walipofika nyumbani aliwasha jiko, akauliza kwa mazoea, bila hata kugeuka: "Nyekundu au kijani?"

"Nyekundu."

Upawa ulimponyoka. Akageuka.

"Abenicio! Mji mkuu wa jimbo?"

"Na wewe umeanza? Santa Fe."

"Ua la jimbo?"

"Yuka."

"Mimi nani?"

"Eloisa, binti wa Facundo, na upawa wako uko chini."

"Sasa mbona unasema nyekundu? Vaa koti, tunarudi hospitali!" Machozi yalikuwa yakimlenga.

Mzee aliinamisha kichwa. "Wiki ile ya harusi ulipika nyekundu. Ukaunguza unga wa pilipili kwenye mafuta, mchuzi ukawa mchungu, ukalia kutwa. Nikasema mimi ni mtu wa kijani. Niliogopa utalia tena."

"Miaka yote hii?"

"Pale chini bafuni niliwaza, jamani, nitakufa bila kula nyekundu nyumbani kwangu."

"Kwako?" Eloisa alilidaka neno. "Kwani ulikuwa unaila kwa nani?"

Mzee akainama kuokota upawa.

"Abenicio."

"Kwa dada Casimira. Alhamisi."

Toba! Alhamisi ndiyo siku aliyokuwa akimvisha skafu kwa mikono yake mwenyewe, aende akampasulie dada yake kuni.

Eloisa alikwenda mlangoni, akaling'oa shada, akazivunja pilipili, akasaga, akakaanga kwa hasira. Aliweka sahani mezani, akasimama. Mwanamke aliyesifiwa bonde zima aliogopa kama bibi harusi.

Abenicio alikula kijiko kimoja.

"Haya, sema."

"Imeungua."

Alimnyang'anya kijiko, akaonja. Ilikuwa imeungua kweli. Akavuta kiti, akaketi, machozi yakamtoka, na safari hii mumewe hakutafuta neno la kumnyamazisha. Alisogeza tu sahani katikati, wakala wote wawili mpaka ikaisha.