Mahamri Yaliyorudishwa na Mhariri

Nimeambiwa niandike mwenyewe, mie niliyeachia darasa la pili na miwani yangu ina mguu mmoja. Mhariri ataka kujua mambo yalikuwaje. Haya, ajue.

Mjukuu wangu Nadira aliandika somo la kuwafunza watoto wa shule kuipa kompyuta amri, hatua kwa hatua. Mfano akatumia mahamri yangu, na jina akaliweka: Bibi Jalila wa Shika Adabu, mtaa wetu huku Likoni. Nikatangaza mtaa mzima kuwa naingia kitabuni.

Rasimu ikarudi. Mhariri, bwana mmoja Kamau, ameandika pembeni: "Tui kiasi ni kiasi gani? Kompyuta haijui kiasi."

"Mwambie basi haijapika," nikasema.

"Nyanya, kuna jingine. Amefuata hatua zako akapika, hayakufura. Tusiporekebisha kufikia Ijumaa, atatia mfano wa mtu mwingine."

Jina langu litolewe? "Mtu wa bara huyo, mkono wake mzito. Nisomee nipike."

Nikapika, jirani yangu Mwanasaumu akitazama. Nadira akisoma, mie nikitenda neno kwa neno, kimoyomoyo naomba yafure. Yakatoka bapa. Mwanasaumu akachukua moja akaligonga mezani. Likalia.

"Nyanya, umeficha nini?"

Nilijua tangu siku ya kwanza. Mama alinifunza, ukiulizwa mapishi sema yote, moja libakishe. Miaka arubaini nimelibakisha, hata kwa mjukuu wangu. Nikamnong'oneza: yakishakatwa, yafunikwe kitambaa yaumuke mara ya pili, ndipo yaingie mafutani.

Mwanasaumu ana masikio. "Hilo tu? Shoga, hilo Likoni nzima twalijua. Mie nilidhani watia dawa."

Nikaanza kutafuta miwani, nayo nimeivaa.

Nadira akaandika: nusu saa, chini ya kitambaa. Tui tukalipima kwa kikombe, jambo ambalo mikono yangu haijanisamehe. Alhamisi Kamau akajibu kuwa yake yamefura, jina libaki, ila bibi aandike alichoficha, watoto wajue kompyuta haikisii ulichonacho moyoni.

Nimeandika. Sasa nawe usomaye, yapike kwa hatua za Nadira, usiruke hata moja, kisha niletee mawili yangali moto. Nyumba yangu muulize Mwanasaumu, yeye si ajua kila kitu.